Kompyuta yangu ya kuzamia imenizimikia chini ya maji

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mkaazi wa Nungwi, nina umri wa miaka 34, na kwa miaka 9 sasa riziki yangu ni kuwaongoza wageni wanaokuja kuzamia kwa mitungi katika miamba ya Mnemba na, bahari ikiruhusu, huko Leven Bank. Siku za kawaida huteremka mara 2, na msimu wa wageni ukichanganya huteremka mara 3. Ninakuandikia kwa sababu kompyuta yangu ya kuzamia, ambayo ndiyo inayonionyesha kina nilichofika na dakika nilizobakiza kabla ya kulazimika kupanda kwa vituo, imeacha kuaminika, na kila ninayemwomba ushauri hunitajia jina la kampuni iliyotengeneza ile aliyoivaa yeye mkononi.

Niliinunua miaka 4 iliyopita kwa mgeni aliyekuwa akirejea kwao, na miaka 2 ya mwanzo haikunipa taabu yoyote. Taabu zilianza nilipobadilisha betri. Nilinunua betri ya duara katika duka la saa mjini, nikafungua kifuniko kwa sarafu, na kwa kuwa ile pete ya mpira inayozuia maji ilionekana imekauka, niliipaka mafuta ya nazi kidogo ili ilainike. Betri ile ilidumu wiki 3 tu, ilhali iliyotangulia ilidumu zaidi ya mwaka. Nikaweka nyingine, nayo ikaenda vivyo hivyo. Usiku mmoja nilikuwa nimeitundika kompyuta msumarini pamoja na taulo, mke wangu akaniuliza ni kitu gani kinacholia. Nilipoitazama, ilikuwa ikionyesha kwamba nipo chini ya maji, kina cha mita 1.4, na kwamba nimekwishakaa huko dakika 47.

Wakati ule nilicheka. Mwezi uliofuata nilikuwa Mnemba na wageni 4, mita 18, dakika ya 24, nikatazama mkono wangu nikaona tarakimu zimeganda kwenye 17.8 na hazisogei hata nilipopanda kidogo. Kitambo si kirefu kioo kikawa kitupu. Niliwaashiria wageni tukapanda polepole, tukasimama mita 5 kwa dakika 3 tukifuata kompyuta ya mmoja wao, na tukatoka salama. Tulipofika botini kompyuta yangu ikawaka yenyewe, tarehe yake ikisema ni tarehe 1 Januari, na kumbukumbu zote za mbizi zangu zimefutika. Wageni walikuwa wamekwishalipia mbizi ya pili, kwa hiyo mwenzangu ambaye siku hiyo alibaki botini aliniazima ya kwake, na baada ya saa moja nikateremka nayo.

Baadaye niliipeleka kwa fundi simu mjini, akaisafisha kwa spiriti na kuchokonoa vitundu vya nyuma kwa sindano, akaniambia imepona. Ni kweli haijazima tena, wala hailii usiku. Lakini wiki iliyopita tulikuwa tumekaa sote juu ya mchanga mmoja, kompyuta ya mgeni wa kwanza ikasoma mita 25, ya pili ikasoma mita 25.3, na yangu ikasoma mita 21. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba hata zile mbili zilizokubaliana kina hazikukubaliana dakika zilizobaki: moja ilimpa mwenyewe dakika 14 na nyingine dakika 9, ilhali walikuwa wameteremka pamoja tangu asubuhi.

Mwenye kituo anasema kila kiongozi ajinunulie chombo chake, na asiyeweza atumie majedwali, yale ya karatasi yanayoonyesha dakika za kila kina, kama walivyofanya wa zamani. Mimi na mke wangu tuna akiba ya shilingi 900,000 tuliyoiweka kwa ajili ya mabati. Kuna mgeni anayeniuzia kompyuta yake iliyotumika, nzuri kama saa ya kisasa, ina kioo cha rangi na huchajiwa, kwa shilingi 700,000, isipokuwa waya wake wa kuchajia umepotea. Shemeji yangu aliyeko Maskati naye anasema kwa fedha kama hizo anaweza kuniletea mpya, lakini ya kawaida kabisa, yenye kioo cha rangi moja. Mwisho, binamu yangu anayezamia majongoo ya pwani ananiomba nimuuzie hii ya zamani kwa shilingi 80,000, kwa hoja kwamba yeye hana hata moja.

Naomba unishauri, Mzee: hii yangu inatengenezeka? Kama haitengenezeki, ninunue ipi? Na ikiwa hata zilizo nzima hazikubaliani, nitajuaje inayosema kweli?

Mwanao, Nungwi.

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu katika barua yako yote hilo ndilo lililonifanya niweke kikombe chini. Kompyuta kukuzimikia mita 18 ni hitilafu, na ulivyoikabili hitilafu hiyo ulifanya vizuri: uliwakusanya watu, ukapanda polepole, ukasimama mita 5. Kosa lilikuja saa moja baadaye, juu ya boti, jua likiwaka na kila mtu akiwa ametulia, ulipovaa kompyuta ya mwenzako.

Chombo hiki hakipimi naitrojeni iliyomo mwilini mwako, ingawa wengi tunakizungumzia kana kwamba kinapima. Kinapima vitu viwili tu, shinikizo la maji na muda, na mengine yote unayoyaona kiooni ni hesabu iliyofanywa juu ya vitu hivyo viwili. Juu ya maji tunabeba shinikizo la bar 1 hivi, na kila mita 10 za bahari huongeza bar 1 nyingine, kwa hiyo pale Mnemba kwenye mita 18 ulikuwa chini ya bar 2.8, na naitrojeni ya hewa uliyokuwa ukiivuta ilikuwa ikiyeyuka katika damu, katika misuli, katika mafuta na katika viungo, kila mahali kwa mwendo wake. Ukipanda kabla haijapungua vya kutosha, hutoka kama povu ndani ya mwili na kuuumiza. Mtaalamu John Scott Haldane, aliyechapisha mwaka 1908 majedwali ya kwanza ya maana baada ya kuwafanyia majaribio mbuzi, aliugawa mwili katika mafungu 5, la haraka likijaa nusu kwa dakika 5 na la polepole kwa dakika 75. Baadaye daktari Bühlmann wa Zurich aliyafikisha mafungu hayo 16, na katika hesabu yake fungu la mwisho huhitaji dakika 635, yaani zaidi ya saa 10, ili lipungue nusu. Ndiyo maana kompyuta huendelea kuhesabu ukiwa unakula, unaswali au umelala, kwa kuwa mbizi ya pili huanzia pale ya kwanza ilipokuachia.

Sasa itazame ile kompyuta ya mwenzako. Asubuhi yote ilikuwa juu ya boti mkononi mwa mtu aliyekaa kavu. Uliposhuka nayo, ilikuhesabu kuwa ni mtu ambaye hajagusa maji siku hiyo, na zile dakika 24 za mita 18 hazikuwamo kabisa katika hesabu yake. Ilikupa dakika ambazo hukuwa nazo. Hata yako, ingawa iliwaka tena, ilikuwa imerudi tarehe 1 Januari na kukusahau, kwa hiyo kuivaa kungekuwa sawasawa na kuazima. Mwenzako yule, mwenye kompyuta yake mkononi na mwili ambao haukuteremka asubuhi ile, ndiye aliyepaswa kuteremka na wageni, nawe ubaki botini. Mliazimana chombo pale mlipotakiwa kubadilishana zamu.

Shika hili kwa miaka yote iliyobaki ya kazi yako: kompyuta ikifa katikati ya mbizi, unapanda polepole, unasimama mita 5 kwa dakika 3 au zaidi hewa ikiruhusu, halafu husogelei mtungi kwa saa 24, hata kama wageni wamelipa na hata kama unajisikia mzima kama kawaida. Katika saa hizo ukiona ganzi, maumivu ya kiungo ambacho hukukigonga popote, vipele au uchovu usio na sababu, unavuta oksijeni ya botini na kutafuta daktari, na mwenye kituo apige simu kwa shirika la Divers Alert Network, ambalo limekuwa likifanya kazi ya kuwasaidia wazamiaji tangu mwaka 1980. Nayasema haya kwa ukali kidogo kwa sababu katika vijiji vyetu vya pwani nimewaona vijana wanaotembelea magongo, na wazee wao wakisema walipigwa na upepo mbaya wa bahari.

Turudi kwenye ugonjwa wa kompyuta yako, au tuseme magonjwa, maana nahesabu matatu yaliyofuatana, na mawili kati yake yametokana na mikono ya watu.

La kwanza ni chumvi. Aina nyingi za kompyuta hizi zina vipande vidogo vya chuma nje ya gamba, na maji yanapoviunganisha chombo hujua kwamba kimeingia baharini na huamka. Chumvi ikikauka baina yake na kunasa unyevunyevu wa usiku, chombo huendelea kuamini kwamba kimo majini, hakilali, na betri ya mwaka mzima huliwa kwa wiki 3. Na chumvi hiyohiyo ikiziba vitundu vinavyopeleka maji kwenye kipimio cha shinikizo, kipimio hubaki kimebanwa, na hapo ndipo unapopata mita 1.4 kompyuta ikiwa imetundikwa msumarini. Dawa yake ilikuwa ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, kuilaza humo kwa muda mrefu kila baada ya kazi, kisha kuikausha kwa kitambaa laini. Kuitia kwenye beseni na kuitoa papo hapo hakutoshi. Na usiikaushe pamoja na taulo lililolowa maji ya bahari, kwa kuwa hapo unairudishia chumvi uliyoiosha.

La pili ni betri na yale mafuta ya nazi. Betri hizi za duara za volti 3 zina tabia ya kushikilia nguvu yake karibu hadi mwisho na kisha kuanguka ghafla, kwa hiyo alama ya betri kiooni inaweza kuonekana imejaa leo na chombo kikafa kesho. Zile za bei ya chini huanguka mapema zaidi pale taa ya kioo inapowashwa na king'ora kinapolia kwa pamoja, na hicho ndicho kipindi unachokihitaji chombo zaidi. Nunua betri yenye namba ileile iliyoandikwa ndani ya kifuniko, katika pakiti yake iliyofungwa na yenye tarehe, wala usikubali iliyokuwa imelala kwenye kisanduku cha kioo pamoja na betri nyingine. Ama pete ya mpira, ambayo mafundi wanaiita oringi, ikikauka haipakwi kitu ili ifufuke. Hutupwa na kuwekwa mpya, ikapakwa grisi ya silikoni kidogo sana kama kitabu cha chombo kinavyoelekeza, baada ya kuikagua kwenye mwanga kama ina unywele au chembe ya mchanga. Mafuta ya nazi tuyaachie wali na nywele. Ishike kompyuta yako juani na uutazame kioo kwa upande: nadhani utaona ukungu mwembamba kwa ndani, na huo ndio uliokuzimia taa pale Mnemba.

La tatu ni sindano ya fundi. Nyuma ya vile vitundu kuna utando mwembamba sana, na utando huo ndio unaosukumwa na maji ili kina kijulikane. Fundi wako alitoa chumvi, ndiyo maana hailii usiku, lakini kwa maelezo yako naamini aliujeruhi utando. Kabla ya sindano ilikosea kwa kukuzidishia kina ukiwa nchi kavu, jambo ambalo linaudhi lakini haliui. Baada ya sindano inakupunguzia mita 4 ukiwa chini, na hilo ni balaa. Chukua jedwali la burudani la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, ulilofundishiwa: kwa mbizi ya kwanza, mita 22 (21 nayo husomwa hapo) hukuruhusu dakika 37, na mita 25 hukuruhusu dakika 29. Kompyuta inayodhani uko 21 ilhali uko 25 inakupa dakika 8 za bure, kisha inazibeba dakika hizo hadi mbizi ya pili na ya tatu.

Unauliza utajuaje inayosema kweli. Manahodha wetu walikuwa na bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina, nawe tengeneza ya kwako. Tafuta kamba isiyovutika, iloweke kwanza kwa sababu kamba hubadilika urefu ikilowa, kisha ipime kwa futi ya seremala, kuanzia pale kompyuta zitakapokaa, na upige fundo katika mita 5, mita 10 na mita 20. Ifunge uzito wa risasi wa kilo kadhaa, na juu kidogo ya uzito ufunge mfuko wa wavu ulio na kompyuta yako na nyingine mbili za wenzako. Nenda siku ya maji mafu, wakati maji yamesimama, kwa kuwa mkondo ukiilaza kamba upande vipimo vyako vyote vitakuwa pungufu na utazisingizia kompyuta zilizo nzima. Teremsha hadi fundo liguse uso wa maji, subiri dakika moja, pandisha, na usome kina cha juu kabisa kilichoandikwa katika kumbukumbu ya kila moja. Fanya hivyo kwa kila fundo. Kazi nzima ni ya nusu saa, na ningependa kila kituo cha pwani yetu kiifanye mwanzoni mwa kila msimu.

Usizitake ziwe sawa hadi nukta ya mwisho. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mtoni kwa asilimia 3 hivi, na kompyuta moja huwa imepangwa kwa maji ya chumvi, nyingine kwa maji baridi, na nyingi hufuata kipimo cha katikati cha kawaida ya Ulaya iitwayo EN 13319. Katika mita 25 tofauti hiyo haifiki mita 1. Kwa hiyo zile za wageni wako, 25 na 25.3, zilikuwa zinasema jambo moja, na yako peke yake ndiyo iliyokuwa ikisema uongo.

Dakika ni habari nyingine. Kina kinapimwa, bali dakika zinakadiriwa, na kila mtengenezaji amechagua hesabu yake na kiasi cha tahadhari alichokiona kinafaa. Suunto, Mares na Cressi kwa miaka mingi wametumia hesabu za familia ya RGBM, ambazo hukubana zaidi ukirudiarudia mbizi au ukipanda kwa pupa. Shearwater na Garmin hutumia hesabu ya Bühlmann yenye mafungu 16, na humruhusu mzamiaji kuibana au kuilegeza kwa namba mbili, mathalani 40/85, ambapo namba zikiwa ndogo dakika nazo hupungua. Dakika 14 na dakika 9 zinaweza zote kuwa kweli kwa mujibu wa hesabu zao, na hakuna hata moja inayoujua mwili wa mgeni wako kama ni mnene, kama alilala vizuri au kama amekunywa maji ya kutosha. Wewe uliye kiongozi huwapandisha watu kwa kufuata ile yenye dakika chache. Wapo viongozi wanaotafuta kwa makusudi kompyuta iliyolegea ili wasiingie deko, yaani kulazimika kupanda kwa vituo, kabla ya wageni. Mtu anayezamia mara 3 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ndiye wa mwisho anayestahili kufanya hivyo, kwa kuwa mgeni hurudi kwao baada ya siku 5 na wewe unabaki na naitrojeni ya msimu mzima.

Yako haitengenezeki kwa faida. Kubadilisha kipimio cha shinikizo ni kazi ya kiwandani au ya karakana iliyoidhinishwa, ikifuatiwa na jaribio katika chungu cha shinikizo, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na ujira itakaribia bei ya mpya. Iache.

Kuhusu kununua, ile yenye kioo cha rangi naiweka kando bila kuihukumu ubora wake. Haina waya, na nyaya za namna hiyo hazipatikani kwenye duka la simu. Kila aina ina kibanio chake. Utakaa Nungwi na saa nzuri iliyokufa ukisubiri kifurushi kutoka nje. Na hata waya ukipatikana, betri ya ndani ya chombo kilichotumika imekwishazeeka kwa kiasi usichokijua, na umeme ukikatika usiku kucha asubuhi hutakuwa na cha kuvaa. Kilichotumika kina mengine pia. Mwaka 2003 huko Marekani kompyuta aina ya Aladin Air X Nitrox ya Uwatec ziliitwa zirudishwe, kwa sababu programu yake ilihesabu muda wa kupumzika juu ya maji kana kwamba mzamiaji anavuta hewa iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 40. Chombo kiliwaka vizuri na kina kilisoma sawa, lakini mbizi ya pili iliharibika hesabu. Kwa kuvitazama tu kwa macho huwezi kuvitenga vya namna hiyo. Hadi uisake namba ya chombo kwenye matangazo ya mtengenezaji, na wengi wanaouziana mkononi hawafanyi hivyo.

Mwambie shemeji wa Maskati akuletee ile ya kawaida. Kioo cha rangi moja husomeka vizuri sana juani na chini ya maji yetu meupe. Mpe sharti moja kubwa, kwamba iwe ni aina ambayo mwenyewe unaibadilisha betri bila kuipeleka kwa fundi. Cressi Leonardo, Mares Puck na Suunto Zoop ni za namna hiyo, zote hutumia betri za duara, nayo Shearwater Perdix hutumia betri za ukubwa wa AA, zile za tochi zinazopatikana hata dukani kwa mpemba wa mtaani, ingawa bei yake itayameza mabati yako yote na ukuta juu. Mwambie akuletee pamoja nayo betri 2 za akiba na oringi 2, risiti yenye jina lako na kitabu chake. Kisha kabla ya kuingia nayo kazini ipitishe kwenye kamba yako yenye mafundo.

Jambo la pili la kununua ni dogo, nalo ni geji ya kina ya sindano na saa ya kawaida isiyoingia maji. Mwenye kituo chako amekudharau kidogo kwa kukutajia majedwali, lakini ndani ya dharau yake mna neno la kweli: mtu aliyeandika asubuhi kwenye kibao chake kina na dakika za mbizi ya kwanza, kompyuta ikimfia anajua alipo na anaweza kupanda kwa utulivu. Hata hivyo usimwachie aondoke hivi hivi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar ya mwaka 2005 inamtaka mwajiri kusimamia usalama wa watu wake wakiwa kazini, na kompyuta ya kiongozi ni chombo cha kazi kama mtungi na boti vilivyo. Nendeni viongozi wote kwa pamoja, kwa adabu, mkiwa na karatasi ya vipimo vya bildi mikononi, na muombe ama kituo kinunue, ama kikukopesheni na kukata kidogo kidogo. Akikubali la pili tu, fedha ya mabati itabaki nyumbani. Na mke wako umsomee barua hii yote, pamoja na ile sehemu ya kuazima. Sidhani kama ulimweleza.

Umebaki mkataba wa binamu. Usimuuzie, wala usimpe bure. Unafahamu kwamba chombo kile hupunguza mita 4, na yeye atateremka na kuamini kila namba itakayomwonyesha, kwa kuwa hajawahi kumiliki kingine cha kulinganisha. Itoe betri, uikate mkanda, isije ikaokotwa na mwingine. Binamu mpe ile kamba ya bildi ukishamaliza kuitumia, aifunge kwenye ngalawa yake na kuiteremsha anapozamia, na umpigie fundo jipya litakalokaa mita 5 chini ya uso wa maji, kwa kuwa yale ya zamani yalihesabiwa kutoka chini. Kila anapopanda na mtungi alishike fundo hilo, ahesabu dakika 3 kwa saa yake, ndipo atoe kichwa juu.